Kusindikizwa Hadi Likoni

Wenzangu wa mkutano huu, tangu nirudi Machakos mnaniuliza habari za bwawa la kuogelea lililo juu ya meli, na kama ni kweli kwamba chakula cha melini hakiishi. Ni kweli hakiishi, ila chai yao ni maji yenye rangi. Lakini mimi ninayoikumbuka ni siku moja tu kati ya zile kumi na nne, na sehemu kubwa ya siku hiyo nilikuwa Msambweni, nimeketi juu ya mbuzi, kile kigoda cha kukunia nazi. Nisipoisimulia hiyo nitakuwa nimewadanganya, na nimeshadanganya vya kutosha.

Aliyelipia safari ni binti yangu Mwikali, ambaye ni nesi huko Ulaya. Alinipigia simu akasema, "Mama, umetandika vitanda vya watalii karibu miaka minne. Sasa na wewe utandikiwe." Tukapanda meli Durban. Kila asubuhi nilikuwa nimeshatandika kitanda changu kabla mhudumu hajabisha hodi, pembe za shuka nimezibana kama tulivyofundishwa Diani, mpaka maskini akamuuliza Mwikali kama kuna jambo amenikosea. Alipotuachia taulo lililokunjwa umbo la bata, mimi nilimkunjia tembo nikamwachia mlangoni. Tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Ila mimi nilikuwa na sababu yangu ya kukubali safari, na Mwikali hakuijua. Kwenye ratiba niliona kwamba baada ya Unguja meli ingetia nanga Mombasa kwa siku moja.

Niwaeleze. Mwikali alipokuwa mdogo nilifanya kazi katika hoteli moja ya Diani. Nililala kwenye nyumba za wafanyakazi, na siku yangu ya mapumziko ilikuwa Jumatano. Mtoto nilimwacha Msambweni kwa Bi Mwanatumu, mwanamke mshona makuti ambaye hakujaliwa mtoto. Hakuwa ndugu yangu. Nilipanga chumba kwake wiki niliyotoka bara, basi. Alimlea Mwikali tangu ana miezi saba mpaka akafikisha miaka minne. Yeye alimwita Kibibi. Mtoto naye alimwita mama. Mimi aliniita Mama Jumatano.

Watu wa nyumba ile walicheka, nami nikicheka nao, kisha nikirudi hotelini nalia katika chumba cha shuka. Wivu ulinila. Jumatano moja Bi Mwanatumu alikwenda matangani Kikoneni, akaniachia mtoto. Kesho yake alfajiri nilifunga vitu vyetu, nikafunga mlango, nikampakia mtoto kwenye basi la kwanza. Sikumuaga Bi Mwanatumu, wala sikuacha salamu. Mwikali alipokuwa mkubwa kidogo akaniuliza, "Mama Jumatano alikuwa nani?" Nikamjibu kwamba alikuwa jirani tu, na kwamba amekufa. Tangu basi lile ni miaka ishirini na minane.

Saa mbili asubuhi, bandarini Kilindini, mabasi ya watalii yalikuwa yamepangwa yanatungoja. Mwikali alikuwa amejiandikisha kwenda Wasini kutazama pomboo. Mimi nilisema goti linaniuma. Basi lao lilipotoka tu, goti likapona, nikashuka nikatafuta teksi. Dereva aliitwa Hamadi, mtu wa Ukunda, mwenye maneno machache. Meli ingeng'oa nanga saa kumi na mbili jioni, na abiria tulitakiwa kuwa ndani saa kumi na moja. Nilitaka mambo mawili: kumkuta Bi Mwanatumu hai, na kupata radhi yake.

Tulipita Dongo Kundu, barabara mpya inayoruka maji juu ya madaraja marefu, mikoko ikiwa chini yetu pande zote. Zamani hapakuwa na njia ila ya feri. Hamadi aliniuliza kama ni mara yangu ya kwanza pwani. Nikamwambia hapana, akanitazama kwenye kioo, akaitazama na ile kadi ya melini niliyoivaa shingoni. Niliivua nikaitia mkobani. Tulipofika Ukunda sikutambua kitu, maghorofa tu na maduka ya simu. Lakini baada ya Gazi minazi ikakaribia barabara, na harufu ya moshi wa makumbi ya nazi ikaingia dirishani.

Saa nne kasorobo, Msambweni, Hamadi alisimamisha gari dukani, akauliza kwa niaba yangu.

"Twamuulizia Bi Mwanatumu, mshona makuti. Yupo?"

"Yupo," mwenye duka akajibu. "Miguu tu ndiyo yamsumbua."

Nililia pale pale garini, nikajifuta kwa leso mpya, jozi ya kanga niliyomnunulia Unguja.

Nyumba ilikuwa ile ile, isipokuwa sasa ina mabati. Bi Mwanatumu alikuwa uani juu ya mkeka, ameubana ufito kwa kidole cha mguu, anashona makuti. Mikono yake haikuwa imezeeka hata kidogo.

"Hodi. Shikamoo, Bi Mwanatumu."

"Marahaba." Akainua macho, akanitazama kwa muda mrefu. "Wewe ni Mama Kibibi."

"Ndimi."

"Karibu kiti."

Akamwita jirani, akamwagiza soda. Akaniuliza habari za bara, kama mvua yapatikana, kama watu wa nyumbani hawajambo. Nikajibu hawajambo. Wenzangu, kwa heshima ile nilijua nimekwisha. Katika nyumba ile sikuwahi kukalia kiti hata siku moja, wala kunywa soda. Kiti na soda ni vya mgeni. Mtu wa nyumbani huketi chini akapewa kazi.

"Bi Mwanatumu, nimekuja kuomba radhi."

Aliendelea kushona. "Nambie kwanza. Siku ile mtoto alikuwa mgonjwa?"

"La."

"Mulipata msiba huko kwenu?"

"La. Nilikuwa na wivu. Alikuita wewe mama."

Akauweka ufito chini. "Niliporudi kutoka Kikoneni nikakuta mlango umefungwa. Nikasema, mtoto amepata homa, mamake amempeleka hospitali. Nikaenda vile vile na vumbi langu la safari. Nikapita kitanda hadi kitanda, namtafuta Kibibi. Hayupo. Jioni ndipo nikaambiwa mumepanda basi." Akaunyoosha mguu wake. "Kumchukua mwanao ni haki yako, hilo sikulaumu. Lakini hukuniaga. Ungaliniaga ningaliwasindikiza mpaka barabarani, nikamtilia Kibibi mkate wake mfukoni, basi likaondoka nikaliona. Moyo ungalijua kuwa amekwenda. Hukunipa hilo. Mimi, wallahi, mpaka leo nikipita hospitali nageuza shingo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata matusi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nililia kwa sauti mbele ya jirani aliyekuja na soda, na jirani akaiweka chini akaondoka polepole. Bi Mwanatumu aliuokota ufito wake, akashona mpaka nikamaliza. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Jikoni mna nazi mbili. Mbuzi iko pale pale."

Nilivua viatu nikaingia jikoni. Sijawahi kupewa kazi nikafurahi hivyo. Nilikuna nazi ya kwanza, nikaanza ya pili, magoti yakilia kweli kweli sasa, na Bi Mwanatumu akaja mlangoni akitembea kwa kushika ukuta, akachungulia kwenye sinia.

"Bado wafika kwenye weusi wa kifuu," akasema. "Miaka yote hiyo hukujifunza. Tui litakuwa chungu."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Endelea kukuna." Akaketi kwenye kizingiti. "Kibibi yu wapi?"

Nikamwambia yuko Wasini, na kwamba hajui nilipo mimi. Nikamwambia pia lile la pili: kwamba mtoto nimemlea akiamini kuwa miaka ile nilikuwa naye mimi peke yangu, na kwamba Mama Jumatano alikuwa jirani, amekufa.

Bi Mwanatumu alifikiri. "Mimi sipo, na wewe umekufa," akasema. "Sasa huyo mtoto alilelewa na nani?"

Tulitazamana, kisha akacheka yeye kwanza, kicheko chake cha zamani cha kujipiga paja. Nami nikacheka huku nalia. Aliponyamaza akaniambia nimweleze Kibibi mwenyewe, leo, ana kwa ana, wala nisimwite kwa simu akiwa ndani ya basi na watu. Nikamwahidi.

Saa saba tulikula wali wa nazi na samaki wa kuchoma, Hamadi naye akila kwenye sinia moja nasi. Tui lilikuwa chungu kidogo. Nilimpa zile leso, jozi moja ya rangi ya manjano yenye pindo jeusi. Bi Mwanatumu akatafuta mkasi, akaikata jozi katikati, moja akaiweka begani mwake, nyingine akanirudishia. "Hii ya Kibibi," akasema.

Saa nane nikasimama. "Bi Mwanatumu, naaga."

"Ngoja nivae buibui."

"Kwani unakwenda wapi?"

"Nakusindikiza."

Hamadi alikohoa akasema meli haingoji mtu. Bi Mwanatumu alimwambia yeye hana haja ya meli kungoja, ana haja ya kuiona ikiondoka, na kwamba binti wa dada yake anakaa Likoni, atalala huko. Alikaa kiti cha mbele. Njia nzima aliniuliza habari za Kibibi: kama ameolewa, kama bado analala kifudifudi, kama huko Ulaya anapata samaki. Nilijibu nilichojua. Jinsi anavyolala sikuwa nimewahi kuangalia.

Saa tisa na nusu, Likoni, binti wa dada yake alikuja kumpokea, akaandika nambari yangu ya simu. Mimi na Hamadi tungevuka kwa feri. Bi Mwanatumu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniombea dua, akanisubiri niitikie kila mstari, nami Mkristo wenu niliitikia amina kila mahali. Mnaoniona siku hizi siondoki mkutanoni mpaka nimempa kila mtu mkono, na mnanicheka, jueni nilianzia hapo.

Saa kumi na moja kasoro dakika chache nilipanda ngazi ya meli. Mwikali alikuwa chumbani, nywele zimejaa chumvi, amefurahi. Aliona pomboo sita. "Goti je?" akaniuliza.

"Goti halikuwa likiuma," nikasema. "Njoo juu, nina neno."

Saa kumi na mbili meli ikaanza kusogea. Abiria karibu wote walikimbilia upande wa kushoto kupiga picha mji wa Mombasa. Sisi tulisimama upande wa kulia, unaotazama Likoni, na kabla hatujafika kwenye feri nilikuwa nimeshamwambia yote: Bi Mwanatumu, wivu wangu, basi la alfajiri. Nilizungumza nikiangalia maji.

Mwikali alinitazama usoni. "Mama Jumatano ni wewe?"

"Ni mimi."

"Yule aliyekuwa akiniletea sabuni ndogo ndogo za hotelini?"

"Ni mimi."

"Nilikuwa nakaa mlangoni tangu asubuhi namngojea huyo. Namkumbuka kuliko mtu yeyote wa wakati ule." Sauti yake ilibadilika. "Uliponiambia amekufa nililia darasani siku nzima. Mbona ulimuua?"

Hakungoja jibu. Alinipa mgongo, akashika vyuma vya ukingoni. Nilisimama nyuma yake na aibu yangu. Miaka minne nilijiona mgeni wa mwanangu, kumbe kuna mtu mdogo aliyekaa kizingitini akihesabu siku, na nilikuwa nimemnyang'anya mama zake wote wawili kwa mara moja.

Simu yangu ikalia.

"Mama Kibibi," sauti ya Bi Mwanatumu ikasema, "meli naiona, lakini ni kubwa mno. Wewe u wapi humo?"

Nikaitoa leso mkobani, nikamtupia Mwikali begani. "Inue," nikamwambia. Aliitazama, akaitazama nchi kavu. Feri zilikuwa zimesimama kutupisha, watu wamejaa kwenye mteremko wa Likoni, na juu yao, karibu na ukuta, kitambaa cha manjano chenye pindo jeusi kilikuwa kikipungwa taratibu. Mwikali aliinua chake. Kile cha ng'ambo kikasimama, halafu kikapungwa kwa nguvu. Nikampa simu.

"Shikamoo, mama," Mwikali akasema.

Ni lile neno mama, lile lile nililolikimbia kwa basi la alfajiri. Nilingoja liniume, halikuniuma. Nilishika pindo la leso pamoja naye ili upepo usiichukue.

"Marahaba, Kibibi," Bi Mwanatumu akajibu, na hata mimi nilimsikia. "Yule aliye kando yako ni nani?"

Mwikali alinigeukia, macho yamejaa maji. "Ni Mama Jumatano," akasema.

"Alhamdulillahi. Basi nendeni salama. Sasa nimewasindikiza."