Nyuzi Tisini na Nane

Fundi Maige wa Mabatini, Mwanza, alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kumwambia ukweli mtu aliyekuja kutafuta matumaini. Kompyuta ikiwa imekufa, atakuambia imekufa. Kubembeleza hakujua. Kwa miaka kumi na mmoja kibanda chake hakikuwa na bango. Watu waliulizia njia kwa jina lake, na jina lilitosha.

Jina hilo ndilo lililomleta Rwehumbiza, kijana wa Ilemela anayechora ramani za nyumba na kucheza gemu, na laptop yake ya gemu, nzito kama tofali. Maige akaiongezea memori, akaiwekea diski mpya, ikaenda mbio. Kumbe mbio zina joto lake. Wiki haijaisha, kijana akarudi amekunja uso: joto la prosesa, ule ubongo wa mashine, linafika nyuzi tisini na nane, kisha mashine inajizima michoro ikiwa nusu.

Maige hakubishana. Aliifungua, akatoa kwenye feni bonge la vumbi lililochanganyika na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi. Akafuta dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya, nyembamba. Akapunguza kidogo umeme unaoingia kwenye prosesa, akabandika vizibo viwili vya soda chini, upande wa nyuma, ili ipate hewa. Saa tatu nzima aliifanyisha kazi pale mezani, nyuzi sabini na mbili, haipandi.

"Adui yake ni vumbi," alimwambia akimkabidhi. "Waambie na nyumbani, vumbi lisiiguse."

Baada ya siku nne ilikuwa tisini na nane tena. Maige akarudia kazi yote bure. Mabatini sabini na mbili, Ilemela tisini na nane. Ilipojizima tena mara ya tatu, Rwehumbiza hakuja. Aliandika kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kompyuta wa Mwanza, watu zaidi ya mia mbili, kwamba fundi Maige amechomoa prosesa yake na kumpachikia ya mtumba. Uongo wa mchana kweupe. Prosesa ya mashine ile imechomelewa kwenye bodi, haichomoki kama betri ya tochi, na nusu ya kundi walilijua hilo. Wakanyamaza. Wengine walicheka, tena watu ambao mashine zao alizifufua kwa mikono yake. Maige alijitetea mara moja, akajibiwa kwamba kila mwizi husema hivyo hivyo.

Kwenye kundi hilo alikuwemo mwalimu Modesta, wa shule moja ng'ambo ya ziwa, upande wa Busisi, aliyekuwa amemwahidi Maige kompyuta thelathini za kutunza. Ndiyo kazi ambayo ingemtoa kibandani. Mwalimu akampigia kwa upole, akasema uongozi wa shule hauwezi kumpokea mtu anayetajwa vile. Mwenye mashine aandike mwenyewe, kabla ya Ijumaa, kwamba hakuibiwa.

Jumatano Maige akaenda Ilemela. Rwehumbiza alikuwa ametoka, ameiacha laptop ikimalizia michoro. Mama yake, Eugenia, aliitikia shikamoo, akaleta kisahani cha punje za kahawa za kutafuna. Alipoulizwa mashine ilipo, alionyesha kochi kwa fahari. Hapo palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua, ndugu wa vile vilivyofunika redio na televisheni. Kilikuwa kimekunjwa mara mbili, na chini yake kitu kilikuwa kikiunguruma.

"Kila akitoka naifunika," mama alisema. "Nikisikia geti nakitoa, aikute safi. Si fundi wake alisema vumbi lisiiguse?"

Maige alishindwa kutafuna. Alishikwa na hasira, kisha akaona aibu kumkasirikia mama wa watu aliyetii neno lake mwenyewe. Akakiondoa kitambaa taratibu, akamweleza kwamba mashine inahitaji kupumua. Mama akashika mdomo. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa kingine kipya, akampa fundi kwa mikono miwili ili amsamehe.

Rwehumbiza alipofika na kusikia yote, alicheka sana. Maige akamwomba aandike, na kicheko kikaisha.

"Niandike nini, fundi? Watu mia mbili wamcheke mama yangu?"

"Andika tu kwamba sikukuibia."

Akasema ataandika. Na kweli aliandika, Alhamisi asubuhi. Aliweka picha ya kioo inayosoma nyuzi sabini na moja, na maneno haya: "Tatizo limekwisha. Nimelitibu mwenyewe, siri ni hewa." Pongezi zikamiminika. Adhuhuri mwalimu Modesta akamuuliza Rwehumbiza, mbele ya wote, kama anaweza kuvuka Busisi akaziangalie kompyuta za shule. Akajibu anaweza.

Maige aliandika jibu refu lenye kila kitu, hadi kitambaa. Kidole kikasimama juu ya kitufe. Akamkumbuka mama alivyoshika mdomo, akalifuta lote.

Jioni simu yake iliita. Alikuwa mama Eugenia. Mwanawe amepata kazi kubwa ya shule, alisema, na anajua hayo yote ni mikono ya fundi, Mungu ambariki.

"Na kile kitambaa, mwanangu, umekitandika?"

"Nimekitandika, mama."

Kilikuwa kwenye meza yake ya kazi, na wiki hiyo hapakuwa na kitu kingine juu yake.