Kitabu Nilichomsomea Mama

Enzi zetu, mtoto wa kijiji chetu cha Tezo hakuulizwa Januari anataka kuwa wa ngapi darasani. Kwetu, jioni ya kuamkia siku ya kufungua shule, sare zikiwa zimeshafuliwa na kuanikwa, mama alituita jikoni na kila mmoja akasema ni kitu gani atakuwa amekiweza mwaka ukiisha. Ukisema, umesema. Hakukuwa na kubadilisha Machi kwa sababu hesabu zimekuwa ngumu, kama hawa wetu wa leo wanaobadilisha ndoto kila wanapobadilisha simu.

Mwaka nilioingia darasa la tatu, dada yangu Kadzo aliahidi kujua kugawanya. Mimi nikasema nitajua kusoma.

"Basi utanisomea kila jioni," mama akasema. "Mimi sikupelekwa shule, mwanangu."

Nikaanza. Mama alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, mboga ya mchunga ikichemka kwenye sufuria, moshi ukituwasha macho, nami nikafungua kitabu na kutiririka bila kukwama. Alifurahi, akanikatia kipande cha nazi. Ukweli ni kwamba sikuwa nikisoma. Darasani tuliimba somo kwa pamoja mpaka likaingia kichwani, nami nikalibeba hivyo hivyo hadi nyumbani. Maneno yenyewe kwenye ukurasa sikuyajua. Niliona aibu kusema, na kadiri mama alivyonisifu kwa majirani ndivyo nilivyozidi kushindwa.

Shule zilipofungwa mwisho wa mwaka, Kadzo ndiye aliyemsomea mama ripoti yangu: hajui kusoma, arudie darasa. Nikangojea fimbo.

"Nilijua tangu tulipovuna mahindi," mama akasema. "Kuna siku ulinisomea, na ng'ombe kwenye picha miguu iko juu."

"Mbona hukunambia, mama?"

"Nilitaka useme mwenyewe. Nikakosea. Nimekupotezea mwaka."

Akafuta macho kwa ncha ya leso. Siku hiyo nililia kuliko siku zote nilizowahi kuchapwa.

Januari iliyofuata hakuniuliza ahadi. Alipanga yeye: mstari mmoja kwa siku, kidole changu chini ya kila neno, naye ameacha kazi zake anakitazama. Nikikwama, alingoja. Nikiruka neno, alinirudisha, maana kidole alikiona. Nilimchukia kwa wiki kadhaa, sitaficha. Lakini mwaka ulipoisha nilikuwa nasoma, polepole, kitabu chochote utakachonipa.

Siku hizi malengo ya mwanangu yamebandikwa kwenye friji, yamechapishwa kwa rangi, na ni mimi niliyeyaandika. Mwalimu hunitumia matokeo kwenye simu, nami humjibu ahsante nikiwa kazini. Tunasema watoto wa leo hawana bidii. Mama hakujua hata herufi moja, na alikaa nami kila jioni mwaka mzima. Mimi nimesoma hadi chuo kikuu, na sijui mwanangu anasoma kitabu gani.