Mlutheri Aliyeitikia Litania

Asubuhi tuliyoondoka Arusha, mimi na Elifuraha, mama mwenzangu wa biashara, tulibishana kuhusu ndizi. Alishuka kutoka kwao kwenye miteremko ya Meru na furushi zima, nikamwambia hatuwezi kwenda Goma, Kongo, kununua vitenge tumebeba shamba. Akacheka, akaziacha kwa jirani yangu hapa Kaloleni, ila chache akazificha kwenye begi. Safari ile tulishaizoea. Ndiyo iliyosomesha watoto wetu.

Yeye alikuwa Mlutheri wa kuzaliwa, jina lenyewe linasema. Mimi ni Gaudensia, Mkatoliki, na somo wa jumuiya yetu ni Mtakatifu Yuda Tadei, mwombezi wa mambo yaliyoshindikana. Picha yake haitoki mkobani mwangu. Elifuraha alizoea kunitania: "Nyie hata mbinguni mnatafuta koneksheni. Sisi tunaingia moja kwa moja kwa mwenye nyumba."

Tulikuwa tumeshafunga mizigo ya kurudi vita vilipoingia mjini. Barabara zikafungwa. Tukajifungia kwenye chumba cha nyumba ya wageni, tumekaa sakafuni mbali na dirisha. Umeme ukakatika, maji yakafuata. Jioni ile, mizinga ikilia, nilitoa kitabu cha sala nikaanza litania ya Yuda Tadei. Litania inataka watu wawili, mmoja ataje na mwingine aitikie. Nilitaja, nikajiitikia, nikachanganya mistari.

"Taja tena," Elifuraha akasema.

"Wewe si huwataki watakatifu?"

"Simwitikii Yuda wako. Nakuitikia wewe. Taja."

Nikataja: Mtakatifu Yuda Tadei, msaada wa waliokata tamaa. "Utuombee," akasema, kwa sauti nzito ya mtu aliyekulia kwenye kwaya. Kila jioni tukasali hivyo, na humo ndani hakunitania tena.

Kisha malaria ikanipiga. Nilitetemeka, midomo ilikauka. Dawa nilikuwa nayo, lakini dumu la maji lilikuwa tupu.

Asubuhi moja milio ilitulia. Watu wakaanza kutoka.

Elifuraha akachukua dumu. "Wanasema bomba la hapo konani linatoa maji. Nakuja."

Nilisikia ndala zake koridoni.

Kisha risasi. Chache tu.

Dumu lililetwa na mwanamke wa chumba cha jirani, lina maji nusu. Elifuraha hakuletwa.

Tulimzika kule kule, kwenye ardhi nyeusi ya mawe, bila mchungaji. Kwao mtu huzikwa nyumbani, migombani, pembeni ya baba zake. Barabara zilipofunguliwa nikarudi, na mama yake alipopokea kanga zake mikononi mwangu aliniuliza jambo moja tu: nani aliimba? Nikamwambia hakuna aliyeimba. Mpaka leo sijui risasi ile ilitoka upande upi. Kila upande ulisema si wao, na walikuwa na maelezo marefu redioni. Nayachukia maelezo yao. Mwanamke alikwenda kuteka maji, basi.

Lakini kilichonichoma zaidi nilikikuta hapa hapa Arusha. Sikukuu ya somo wetu ilipokaribia, mwenyekiti wa jumuiya alikuja nyumbani.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mama. Jumuiya inataka utoe ushuhuda. Uliomba, ukapona. Watu waone nguvu ya mwombezi wetu."

"Na Elifuraha?"

Akakuna kidevu. "Yule tumwachie Mungu. Kwa kweli hakuwa na mtu wa kumsemea kule juu."

Alisema hivyo huku anakunywa chai yangu. Nilitamani kumpokonya kikombe. Mtu aliyelala kitandani kwake salama siku zote zile ndiye anayejua nani alikuwa na mwombezi na nani hakuwa naye. Nilijua nikikataa atasimulia yeye, na Elifuraha atabaki kuwa mfano wa aliyekufa kwa kukosa imani. Nikakubali.

Sikukuu ilifanyikia Sekei, uani kwa mwanajumuiya mmoja, chini ya turubai. Picha ya Yuda Tadei ilikuwa imepambwa maua. Nilisimama nikawasimulia yote, mpaka lile dumu. Nikasema sina ugomvi na Yuda Tadei. Ugomvi wangu ni na wanaomfanya mlinzi wa getini, wakati wao wenyewe ndio wanaochagua nani aingie. Nikawaambia maji niliyomezea dawa yalitekwa na Mlutheri. "Mkitaka muujiza, niliouona ni huo, na kwa bei ile sikuutaka."

Kisha nikaanza litania. Waliitikia vizuri, kwa sauti moja, utuombee, utuombee. Nilipofika mwisho nikaongeza jina.

"Elifuraha, binti wa Meru."

Nikasubiri. Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Hakuna aliyeitikia.

Jumuiya bado naenda, siwezi kuwaachia mtakatifu wangu. Ila litania ya Yuda Tadei naisali nyumbani, peke yangu. Nataja, nanyamaza kwa muda ule ambao Elifuraha angesema neno lake, kisha naendelea na jina linalofuata.