Siku Niliyokuwa Mngoni wa Uani

Mpaka leo nikipita Gerezani huwa navuka barabara kabla sijafika pale ilipokuwa ofisi ya tawi la chama, nashika upande wa pili na kuinamisha kichwa kama mtu aliyeachika anayepita kwa wakwe zake wa zamani. Nikiwaambia sababu mtacheka, na chekeni tu, lakini mkimaliza kucheka msinitazame machoni.

Siku zile nilikuwa mtu wa kupita. Shule niliiacha darasa la sita kwetu Songea, si kwa ujinga (mwalimu mwenyewe alisema kichwa ninacho, ila makalio ya kukalia dawati ndiyo sina), nikaja Dar es Salaam juu ya lori la tumbaku, na tangu hapo leo nabeba magunia sokoni Kariakoo, kesho niko Feri natazama watu wanavyokaanga samaki, keshokutwa nimesimama mlangoni mwa gereji Gerezani naangalia injini inavyofumuliwa, mpaka fundi aniulize kama nina kazi au nimetumwa. Nilipenda kujua. Watu wakikusanyika, lazima nijue kuna nini. Na wakipanga foleni, basi tena, miguu ilikuwa inatangulia yenyewe.

Na foleni za enzi zile mliokuwepo mnazijua. Sukari ilikuwa ya kuviziwa, sabuni ya kuviziwa, unga wa kuviziwa. Ukiona foleni ulikuwa huulizi ya nini, unaingia kwanza, ukishapata mgongo wa kuutazama na mtu wa kuutazama wa kwako, ndipo unauliza, na mara nyingi uliyemuuliza naye hajui, anasema "nasikia sukari," mnaendelea kusimama.

Asubuhi ile mvua ya masika ilikuwa imenyesha kwa siku kadhaa bila kupumua. Mimi nilikuwa nimejibanza barazani kwa duka moja Mchafukoge, nikachoka kutazama maji, nikashuka zangu Gerezani, na mbele ya ofisi ya tawi nikaikuta foleni. Watu wamelowa, wana tope mpaka magotini, akina mama wana mafurushi kichwani, watoto wamefunikwa magunia. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikayatazama yale mafurushi nikasema moyoni, hawa wamekuja na vyombo vya kutosha, hii sukari lazima ni nyingi.

Nikaingia. Mbele yangu wanawake wawili walikuwa wanasemezana kwa sauti ya chini.

"Wa nyumba ya Bi Hidaya hawajaja hata mmoja," alisema wa kwanza.

"Watakuja wapi, maskini."

"Na fungu lao je?"

"Mzee Pazi kaliweka pembeni. Kasema haliguswi."

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Mnakumbuka utaratibu: mali ya kugawa ilipitia kwa balozi wa nyumba kumi, unafika mbele yake unataja nyumba yako, anakujua, unapewa. Mimi nyumba sikuwa nayo. Nikajiambia, kama wa kwa Bi Hidaya hawakuja, sukari yao italala pale bure, iyeyushwe na unyevu wa mvua, wakati kuna mwananchi hapa hajaonja chai tamu tangu sijui lini. Isitoshe mlangoni walisimama mgambo wawili, na zile zilikuwa nyakati za kukamata wazururaji na kuwapakia kwenye malori wakalime vijijini. Mtu asiye na nyumba ya kutaja alikuwa na sababu nzuri ya kutaja yoyote.

Mzee Pazi, balozi mwenyewe, alikuwa nyuma ya meza, koti la mvua begani, macho mekundu kwa uchovu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wa nyumba ya nani, mwanangu?"

"Ya Bi Hidaya."

Akainua kichwa. "Bi Hidaya? Wa mbele au wa uani?"

Nikaona mbele ni makuu, mpangaji wa mbele lazima ajulikane mtaa mzima. "Uani," nikasema, kwa unyenyekevu kabisa.

Mzee akasimama polepole, mikono juu ya meza. "Wewe ndiye yule Mngoni?"

Sasa hapo, ndugu zangu, nihukumuni kwa haki. Mimi ni Mngoni. Baba Mngoni, mama Mngoni, mababu kwa mabibi. Swali nimeulizwa, jibu ninalo, tena kwa mara ya kwanza asubuhi ile ni jibu la kweli.

"Ndiyo, mzee. Ni mimi."

"Allahu akbar!" Mzee Pazi alipiga ukelele ambao sikuutarajia kwa mtu wa umri wake. "Yu hai! Jamani, Mngoni wa uani yu hai!"

Vigelegele vilivyofuata sijavisikia hata harusini. Foleni ilivunjika, watu wakanizunguka, huyu ananishika kichwa, huyu ananipapasa mbavu, mwingine analia, na mimi katikati nacheka cheka nikijiuliza ni sukari gani hii ambayo mtu akiijia anashangiliwa. Mama mmoja mnene, muuza vitumbua aliyeitwa Bi Tatu, alinivuta mkono akanikalisha kwenye benchi ndani ya ofisi, akanifunika blanketi jipya kuanzia kichwani, akanitia bakuli la uji mkononi na kipande cha mkate mdomoni, kwa mkono wake mwenyewe, kama mtoto.

"Kula, baba. Kula. Ukuta mzima ulikuangukia, sisi tumeshakusomea dua."

Nikaacha kutafuna.

Kidogo kidogo, kwa maneno ya huyu na yule, nikaelewa nilichokuwa nimekiingia. Maji yalikuwa yamejaa mtaani, kuta za udongo zikalainika, nyumba kadhaa zikaanguka, na ya Bi Hidaya ikaanguka asubuhi ile ile. Bi Hidaya na wapangaji wake wa mbele walikuwa wamepelekwa hospitali. Aliyebaki hajulikani aliko ni mpangaji wa uani, mtu aliyehamia hivi karibuni, kazi yake zamu ya usiku bandarini, mchana amelala, kwa hiyo mtaani hakuna aliyemjua sura wala jina. Wote walimjua kama Mngoni. Na ile foleni haikuwa ya kununua kitu, ilikuwa ya waliopoteza nyumba, na vilivyokuwa vinagawiwa ni mablanketi, unga na maharage waliyochangiwa na majirani.

Mtaniuliza, kwa nini hukusema hapo hapo? Hata mimi najiuliza. Nilifungua mdomo, wallahi nilifungua, Bi Tatu akautia mkate mwingine. Nikaumeza, nikasema, "Mama, mimi..." akaniambia, "Usiseme, mwanangu, pumzika, umekula vumbi," watu wakaguna kwa huruma. Kisha katibu wa tawi akapanda juu ya kiti akaanza kuhutubia, ndugu wananchi, mnamwona ndugu yetu huyu, huu ndio moyo wa kusaidiana, na kila aliponinyooshea kidole watu walipiga makofi, na wale mgambo wawili mlangoni nao walipiga makofi, bunduki zimebanwa kwapani. Nikawatazama wale mgambo, nikaona lori. Nikajidanganya kwamba Mngoni mwenyewe bila shaka yuko salama mahali, labda zamu imeongezwa, labda kaenda kwa jamaa zake, atarudi jioni nasi tutacheka. Na blanketi, niseme ukweli wote, lilikuwa na joto.

Hotuba haijaisha wakaingia vijana watano sita wa gereji, tope mpaka kwenye nyusi, mabega yamelowa jasho na mvua. Kiongozi wao, fundi mmoja aitwaye Chande, alikuja moja kwa moja akanipiga kofi la bega ambalo nusura limwage uji.

"Mngoni wewe! Tunakutafuta kwenye kifusi tangu asubuhi, mikono imetutoka malengelenge, kumbe bwana uko zako kwenye uji!"

Watu wakacheka. Chande naye akacheka, akaegemeza koleo lake ukutani, akaketi.

Koleo lile ndilo lililonitia baridi. Walikuwa wanachimba. Mtu alikuwa amewakimbilia kuwaambia waache, amepatikana. Na sasa hakuna aliyekuwa anachimba.

Nikasimama. Ulimi mzito kama kisigino. "Jamani," nikasema, "jamani, mimi siye..."

"Kaa, baba, una kizunguzungu," akasema Bi Tatu, akanikandamiza begani.

Na hapo mlangoni kukawa na kelele, watu wanapisha njia, "mpisheni mkewe, mpisheni mkewe," akaingia mwanamke kijana, mjamzito wa miezi ya mwisho, amelowa chapachapa, kandambili moja mguuni na nyingine sijui ilibaki tope gani. Felista, ndilo lilikuwa jina lake. Alikuwa kwa shangazi yake Keko akisubiri kujifungua, akasikia nyumba imeanguka, akaja akikimbia, njiani akaambiwa usilie, mumeo kapatikana, yuko tawini anakunywa uji. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Akanipigia magoti mbele, akashika blanketi kwa mikono miwili, akalifunua.

Sijui niuelezeje uso ule. Nimeshatukanwa na wengi mjini hapa, nimeshafukuzwa na mbwa wa Wahindi na wa Waarabu, hakuna aliyewahi kunitazama hivyo. Kicheko chake hakikuondoka mara moja, kilibaki pale kinasubiri, kama mtu aliyegonga mlango akafunguliwa na mgeni akadhani mwenyewe yuko nyuma.

"Huyu siye," alisema. Akageuka kwa Mzee Pazi, kwa adabu kabisa. "Baba, huyu siye. Gaudensi yuko wapi?"

Ndipo jina lake likatajwa mtaani kwa mara ya kwanza.

Chande alishalinyakua koleo. Mtu akasema "Tapeli!" mwingine akasema "Mwizi!" na mnajua neno hilo likishasemwa Dar es Salaam kinachofuata ni nini. Nilikwisha kukunjwa shati, ngumi moja imeshanifika sikioni, Mzee Pazi akapiga meza.

"Kwanza mtu! Huyu baadaye! Mtu kwanza!"

Walitoka wote mbio na mimi nikatoka nao. Ningeweza kukimbilia upande wa reli nikapotea, njia ilikuwa wazi na wala mgambo hawakunitazama tena. Sijisifu kwa kutokukimbia, miguu tu ilikataa. Tulipofika Felista akapiga kelele kwamba kitanda kiko upande wa choo, si upande wa jiko walikochimba, wakahamia huko, na mimi sikupewa koleo wala sikuomba, nilichimba kwa mikono. Nilitoa udongo, nguzo, mabati, udongo. Kila mara mmoja alisema nyamazeni, wote wakanyamaza tukasikiliza, tukasikia mvua tu. Mara ya tatu sijui ya nne tukasikia mtu anakohoa.

Kitanda cha kamba kilikuwa kimepinduka juu yake kikamwachia nafasi ya kifua. Walimtoa hai. Mguu wa kulia ulikuwa chini ya boriti, na watu walipouona mguu ule hakuna aliyepiga kigelegele. Felista alimwita jina lake mara moja, yule bwana akafumbua jicho.

Walipokwisha kumpakia kwenye gari, nikajisogeza mwenyewe kwa Mzee Pazi. Nikamwambia yote, sukari, fungu, uani, Mngoni. Nilingoja anikabidhi kwa wale mgambo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso kwa mkono wenye tope.

"Na mimi nilikuuliza kabila," alisema. "Mtu anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu, sikumjua jina." Kisha akaniambia, "Nenda. Usiniamkie tena."

Wapo walionifariji baadaye, wakasema afadhali hata hivyo, bila wewe mkewe asingefika tawini kwa haraka, na wangeendelea kuchimba kusikokuwa. Nimejaribu sana kuliamini hilo. Siwezi. Najua uji ule niliunywa polepole.

Nilikwenda hospitali kumwona, na machungwa yangu kwenye kikapu. Nilizunguka uwanja mara kadhaa kabla ya kuingia. Gaudensi alikuwa amelala chali, na pale ambapo shuka lilitakiwa kuinuliwa na mguu wa kulia, shuka lilikuwa limelala bapa. Kama ni saa zile zilizopotea ndizo zilizouchukua au ungeondoka tu, daktari hakusema na mimi mpaka leo sijauliza, mimi niliyekuwa nauliza kila kitu.

Felista alimnong'oneza sikioni. Gaudensi akanitazama kwa muda mrefu, bila hasira, kwa udadisi hasa, kama nilivyokuwa nikizitazama injini.

"Ni wewe," akaniuliza kwa Kingoni, "uliyekuwa mimi?"

Niliweka machungwa kitandani nikatoka nikitembea kinyumenyume kama mtu anayetoka kwa mfalme.

Tangu siku ile, mtu nisiyemjua akinifurahia, kabla sijapokea mkono wake namtajia jina langu, la baba na la babu, na mtaa ninaolala, na kama silali popote namwambia hivyo hivyo. Wengine huniona mwehu. Na wakiniita Mngoni, siitiki.