Mafahali wa Mawe

Ukisugua mawe mawili makavu kwa nguvu kisha ukayanusa, utapata harufu kama ya moto uliokataa kuwaka. Harufu hiyo ilikaa viganjani mwangu majira ya baridi ya mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja, enzi za Mwingereza, tulipokwama Makambako. Baba yangu, fundi seremala, alikuwa amepata kazi Iringa, akanichukua nikampikie mpaka mama atakapomaliza kuvuna na kutufuata. Tulitembea siku mbili kutoka Njombe, baridi ikituuma masikio, baba amebeba sanduku la randa na misumeno begani. Tulipofika tukakuta lori tulilolitegemea limekatika springi. Dereva alimtazama baba kwa huruma. “Fundi, springi inatoka Iringa. Ikifika kesho, tunaondoka kesho kutwa. Isipofika, tutazoeana.” Tukazoeana karibu mwezi mzima.

Tulikaa kwa shangazi Damari, dada mkubwa wa baba. Binti yake Eliza alinizidi miaka miwili, mwembamba, mwenye nyayo ngumu kama kwato. Asubuhi ya pili alinichukua kuokota kuni. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilimfuata kwa kusikia majani makavu yakivunjika chini ya miguu yake. Tulipotoka kwenye miti jua likaupasua ule ukungu, nikasimama hapohapo mdomo wazi. Kwetu nilizoea vilima vya nyasi, laini kama migongo ya watu waliolala. Hapa palikuwa na mawe makubwa kuliko nyumba, ya kijivu, yamejilaza uwandani kama kundi la ng'ombe wanaocheua. “Hao ndio mafahali wetu,” Eliza alisema. Akatupa kamba ya kuni, akajifunga khanga kiunoni, na kabla sijamjibu alikuwa ameshaparamia la kwanza, ananicheka kutoka juu.

Tangu siku hiyo kuni zilichukua muda mrefu sana kupatikana. Nilianza na mawe madogo, nikichubuka magoti na kung'oa kucha, lakini usiku nililala nikiona vishikio mbele ya macho yangu. Eliza alikuwa mwalimu mkali. “Usilikumbatie jiwe! Ukilikumbatia miguu inateleza. Jitenge nalo kidogo, uzito ukae kwenye nyayo.” Nilipoelewa maneno hayo kwa mwili wangu, siyo kwa kichwa, nilipiga kelele za furaha mpaka kunguru wakaruka. Tuliyapanda yote isipokuwa moja, kubwa kuliko yote, ambalo Eliza aliliita Likambako, yaani fahali hasa kwa Kibena chetu. Upande wa mbele lilikuwa na ufa uliopanda kimshazari, na katikati limetuna kama tumbo. Eliza alikuwa hajawahi kuvuka tumbo lile. Naye shangazi, alipoona magoti yetu, alipiga marufuku: “Msichana na majabali, wapi na wapi? Mkivunjika miguu nitamwambia nini wifi yangu?”

Siku moja alasiri nilisema nitajaribu mimi. Mikono yangu ilikuwa midogo, ikaingia kwenye ufa vizuri kuliko ya Eliza, nikapanda haraka, moyo ukidunda kwa raha. Nikalifikia tumbo, nikalivuka nusu. Hapo nikakwama. Kurudi sikuweza, kwa sababu sikuona mahali pa kuweka mguu, na juu palikuwa laini kama bakuli. Mguu wa kulia ukaanza kutetemeka wenyewe. “Usiachie!” Eliza alipiga kelele, kisha nikasikia akikimbia. Nilibaki peke yangu, shavu juu ya jiwe la moto, nikisali sala ya Jumapili kwa kuruka mistari.

Aliporudi, alikuwa na baba. Nilitegemea kufokewa. Lakini sauti yake ilikuwa ileile ya kazini, kama anayepima mlango. “Umeshika nini?”

“Ufa, baba.”

“Mguu wa kulia?”

“Unatetemeka.”

“Uache utetemeke. Kunja goti, upandishe mguu mpaka usawa wa kiuno. Kuna kibonyeo hapo, kinatosha kidole gumba. Umekipata? Sasa simama juu yake, usivute kwa mikono. Simama tu.”

Nikasimama. Mkono wangu wa kushoto ukaruka wenyewe, ukadaka ukingo, na mara nilikuwa juu, nimelala kifudifudi, nacheka na kulia. Nilipoinua kichwa niliona barabara nyekundu ikikata uwanda mpaka macho yanapoishia, moshi wa majiko, ng'ombe wadogo kama siafu. Nilihisi kama nchi yote ilikuwa imenisubiri. Kisha nikasikia mtu akihema. Baba alikuwa anapanda kwa ufa uleule, suruali imekunjwa, na nyuma yake Eliza, akimfuata kishikio kwa kishikio. Juu pale, baba, mtu wa maneno machache, alisimulia jinsi alivyowinda pimbi kwenye majabali utotoni, na jinsi alivyowahi kukwama kutwa nzima. Sikuwahi kumsikia akisema mengi hivyo kwa mara moja.

“Yohana!” Shangazi Damari alikuwa amesimama chini, mikono kiunoni. “Na wewe pia?”

“Natazama kama lori linakuja, dada,” baba alijibu, na Eliza akaziba mdomo kwa khanga.

Springi ilifika siku chache baadaye. Niliondoka nikilitazama Likambako kutoka juu ya magunia mpaka vumbi likaliziba.

Siku hizi kutoka Njombe hadi Makambako ni safari ya lami ambayo haitoshi hata kusinzia. Baba na Eliza wametangulia. Mwaka jana nilimwomba mjukuu wangu asimamishe gari, tukaenda taratibu na mkongojo wangu. Mafahali wengi wamepondwa kokoto, wengine wamezungushiwa kuta za nyumba za watu. Likambako lipo bado. Wasichana watatu wenye sare za shule walikuwa wamekaa juu yake. Walipitia nyuma, ambako mtu amechonga ngazi. Waliposhuka kuniamkia, niliwaambia kwamba sisi tulipanda kwa mbele. Wakalizunguka, wakalitazama, wakatazamana.

“Bibi, huku hakupandiki,” mmoja alisema.

“Kunapandika.”

Mdogo wao alisogea, akaingiza vidole kwenye ufa. “Mguu wa kwanza unawekwa wapi?”

Nikainua mkongojo, nikamwonyesha.