Wifi Alinibebesha Unga, Viatu Vyangu Vikabaki Njiani

Admin, tafadhali nifiche kabisa, kwa sababu hapa Eldoret wakimbiaji tunajuana hata kwa mgongo. Niko na miaka ishirini na nne, nimezaliwa upande wa Ziwa, na sasa nimekodi chumba mtaa wa Huruma. Nilikuwa mkimbiaji. Sijui kama bado ni mkimbiaji.

Aliyeniingiza kwa mbio ni wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Ameenda ng'ambo kukimbia mara nyingi, ndiye amejengea Mama nyumba, na ndiye anasomesha mdogo wangu chuoni. Kwa hivyo mwaka jana meneja wetu wa mbio aliponipatia mbio yangu ya kwanza ya nje, nusu marathoni ambayo wifi pia alikuwa anaenda kukimbia, nilimwachia yeye kila kitu. Mimi ndege nilikuwa naziona tu huko juu.

Alikuja kwangu, akakaa kitandani, akanipangia begi kwa mikono yake. Viatu vya mbio na jezi akaweka kwa begi kubwa lile linaenda chini ya ndege, akasema huko viko salama. Begi la mkononi akalijaza unga wa ugali, wake na wangu, eti ukiwekwa chini utapasuka na huko hatutapata cha kula kabla ya mbio. Akaniambia tena nivae viatu vya kanisani, kwa sababu watu wa pasipoti wanaheshimu mtu aliyevaa vizuri. Nilimshukuru sana. Mama alituombea, akamwambia wifi anirudishe vile amenichukua.

Tulibadilisha ndege njiani. Tulipofika, mabegi ya wengine yalitoka na langu halikutoka. Ilikuwa Jumamosi jioni na mbio ni Jumapili asubuhi. Nilisimama pale nikilia, nimekumbatia unga. Wifi akanituliza, akasema mambo hayo hufanyika. Kufika hotelini akafungua mkoba wake wa mgongoni, na viatu vyake vya mbio vilikuwa humo, vimefungwa vizuri ndani ya jezi. Miguuni alikuwa amevaa vile vya mazoezi. Wueh. Hata hapo sikushuku kitu, nilidhani tu yeye ana bahati.

Nilikimbia na viatu vya msichana mwingine wa Kenya aliyekuwa na jozi ya ziada. Vilikuwa vikubwa, nikavaa soksi mbili. Kufika katikati miguu ilikuwa imechubuka hadi damu, na nilimaliza nikitembea, nikipitwa na wazee wanaokimbia kupunguza tumbo. Wifi akawa wa tatu. Tuliporudi, watu wa nyumbani walimngoja na mursik, yale maziwa ya kibuyu ya kupokea washindi, na mimi nikaambiwa nishushe mabegi. Meneja hakunipigia simu tena.

Miezi ikaenda hivyo. Nikawa nafanya mazoezi peke yangu asubuhi, halafu naenda kufulia watu nguo. Mwezi uliopita nikameza aibu nikaenda kambini tulikokuwa tukifanyia mazoezi, kumwomba kocha wetu anirudishe. Aliniangalia kwa huruma, akasema meneja hataki mtu mkaidi. Nikamuuliza mkaidi namna gani.

"Si tulimtuma wifi yako akwambie viatu vibebwe kwa mkono?" akasema. "Alituambia ulikataa, ukamjibu kwamba unajua kusafiri."

Mimi huyu, ambaye pasipoti yenyewe nilikuwa naishika mara ya kwanza, eti najua kusafiri. Nilienda kwa wifi siku hiyo hiyo. Alikuwa anaanua nguo. Sikupiga kelele, nilimuuliza tu kama ni kweli, na nilikuwa najua atakana. Hakukana. Alikunja shati la kaka yangu polepole, akaliweka kwa beseni.

"Kwa mazoezi ulikuwa umeanza kunipita," akaniambia. "Mimi umri umeenda, na meneja alikuwa anatafuta sababu ya kuniacha. Wewe utapata mbio zingine, wifi."

Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nyinyi mnaosafiri kushindana, mnisikie. Viatu vya mbio vikae mkononi mwako, pamoja na jezi, na vile vya mazoezi uvivae miguuni. Unga upasuke, nguo zipotee, hivyo vingine utaomba watu. Na begi lako ulipange mwenyewe, hata kama anayekusaidia mnakula sahani moja. Mimi hakuna aliyeniambia, na aliyetumwa kuniambia alinyamaza akinikunjia nguo.

Sasa Jumamosi hii meneja anakuja kambini kuchagua watu. Kocha amesema niende nimweleze mwenyewe. Nikisema ukweli, wifi ataachwa na meneja, na mdogo wangu atarudi kutoka chuoni. Kaka aliposikia, alikuja hapa kwangu akaniomba nisivunje nyumba yake. Alilia, na sijawahi kumwona akilia. Mama naye anasema yaliyopita yamepita, huwezi kuharibia mtu anayekulisha. Hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza mimi nimekuwa nikiishi aje mwaka huu wote. Nikinyamaza, nitabaki mkaidi kwa kila meneja mji huu.

Na jana wifi amenitumia ujumbe. Anasafiri mwezi ujao, anaomba nikae na watoto wake. Nimemjibu sawa, kwa sababu nimezoea kumjibu sawa.

Lakini kuna kitu sijaambia hata mchungaji. Sitaki tu jina langu lisafike. Nataka aachwe. Nataka akae jikoni kwake asikie kwa redio kwamba mimi ndiye nimekimbia, na asage meno. Namchukia huyo mwanamke na bado nakula chakula chake, na hata mimi najiogopa. Jumamosi niende kambini ama nibaki Huruma? Semeni chochote, lakini msiniambie niombe. Nimeomba.