Mkwe wa Majani ya Mgomba

Pa-kata, pa-kata, halafu kimya, halafu kelele za makopo mengi yaliyofungwa kwenye kamba moja. Sauti hiyo ninayo bado masikioni, hata ninapokaa nyuma ya pazia nikisubiri kuitwa, miguu ikiuma na uso umejaa poda. Debe tulilipiga kwa zamu, mimi na rafiki yangu Atupele. Kamba ya makopo ilipita juu ya mpunga kutoka shamba la mama yangu mpaka la bibi yake aliyekuwa akimlea. Mashamba yalipakana, kwa hiyo tulijengewa dungu moja mpakani, jukwaa la miti lililosimama juu ya matope, na kazi yetu ilikuwa kuamia ndege. Kwetu Kyela mpunga ukishaanza kutia maziwa, mtoto hana likizo. Alfajiri unapanda na ndizi zako za kuchemsha, jua likiwa kali ndege wanapumzika na wewe unapumzika, alasiri unapanda tena mpaka milima ya mashariki inakuwa myeusi. Unapiga debe, unavuta kamba, lakini kwelea huzoea debe upesi sana. Wasichokizoea ni sauti ya mtu. Ndiyo maana msimu ule watoto wa kwetu wote huwa na sauti kama za beberu.

Jukwaa letu la kwanza lilikuwa dungu hilo. Atupele aliigiza mlevi, akaigiza mama mchungaji anayesinzia kwenye ibada, na mimi Tusekile, ambaye hata jina langu kwa Kinyakyusa linasema tumecheka, nilicheka mpaka nikashikilia nguzo nisianguke. Kundi la kwelea likitua, alikuwa akiniambia, “Shoga, simama vizuri. Hawa wa leo wamekuja na wajomba zao, ukumbi umejaa!” Tuliapa kwamba tukikua tutakuwa wasanii, wote wawili, jukwaa moja. Basi ikatokea kikundi cha maigizo pale Ipinda kikatafuta watoto wa kuingia kwenye mchezo utakaopelekwa Kyela mjini. Wanaotaka wafike Jumamosi saa sita mchana. Nilimwambia mama huku nikiruka ruka. Akaendelea kupepeta mchele, harufu yake ikinipanda puani, kisha akasema, “Mimi sikatazi. Jua likiwa kichwani nendeni. Ila ndege wakila, mtakula hayo maigizo.”

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani. Mpunga ulikuwa katika siku zake mbaya, na sauti zetu zilikuwa zimeanza kukwaruza. Tukipiga kelele wiki ile, Ipinda tutafika mabubu. Tukinyamaza, chakula cha mwaka kinakwenda na ndege. Mshika mawili moja humponyoka. Atupele alikaa ukingoni mwa dungu akining'iniza miguu yenye matope, akafikiri, akasema, “Kuanzia leo wewe nyamaza. Nitapiga kelele za wote.”

“Na wewe Ipinda utasema kwa sauti gani?”

“Sitasema. Wewe utakuwa baba mkwe, mimi mkwe wako. Umewahi kuona mkwe akimsemesha baba mkwe?”

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto wako hakutazami usoni wala hapishani nawe njiani. Akikuona kwa mbali anaingia migombani, anasubiri upite. Bibi yake Atupele aliishi hivyo miaka yote baba mkwe wake alipokuwa hai. Basi wiki ile mimi nilivuta kamba na kurusha udongo kwa kombeo, mdomo nimefunga, na mwenzangu akapiga kelele kuanzia alfajiri mpaka jioni. Ijumaa sauti yake ilitoka kama upepo kwenye tundu. Nikamwambia apumzike. Akatikisa kichwa na kulipiga debe.

Ipinda tulikuta ukumbi umejaa watoto wa pale, wana viatu. Nilivaa koti la baba, nikajikohoza, nikajigamba kwa sauti nzuri iliyopumzishwa: mimi ndiye mwenye boma, mimi ndiye mwenye mbuzi wengi. Nyuma yangu mbuzi mmoja anakula mkeka wangu. Mkwe anamwona, lakini atasemaje? Atupele alijificha nyuma ya jani la mgomba, akachungulia, akanyoosha mkono, akaurudisha, akamfukuza mbuzi asiyekuwepo kinyumenyume ili asinitazame, akajikwaa, akaanguka na jani lake. Watu walilia kwa kucheka. Mimi niliyekuwa nasema peke yangu, hakuna aliyenisikiliza.

Kiongozi wa kikundi, kijana mrefu mwenye kofia, alimwelekezea kidole. “Huyu wa majani. Jumatatu aje, tunakwenda Kyela mjini.”

Atupele alinikamata mkono. Alichoweza kutoa kilikuwa mnong'ono. “Tupo wawili.”

“Nafasi ni moja, mdogo wangu.”

Njia nzima ya kurudi alikataa. “Siendi. Na ndege wa bibi, nani?” Nilimjibu, “Nenda, bwana. Usinichoshe.” Nilisema huku nacheka, maana nilijua nikiacha kucheka tu, nitalia.

Mimi nilimfuata baadaye, na leo tuko jukwaa moja kama tulivyoapa. Tunaitwa kwenye harusi na mahafali, Talatala, Njisi, popote wanapotuita, na bado yeye anachekesha kuliko mimi. Lakini tumechoka. Kule dunguni ndege wakiruka wote tulishangilia. Siku hizi watu wakinyanyuka katikati ya mchezo tunatazamana tu. Kipaza sauti kinasema kwa niaba yetu na koo haliumi, ila mwili mzima unauma. Kule tulitamani kuonekana, na sasa tunaonekana kwenye simu za watu ambao macho yao hatuyaoni.

Jumatatu ile Atupele alipopanda gari la Kyela mjini, nilipanda dungu peke yangu. Kwelea walitua kwanza upande wa bibi yake. Sauti yangu ilikuwa nzima kabisa, haijatumika. Nikaigeuzia huko, yote, mpaka ikakatika.